Mianzi ya Kona ya Kinu

Mtu akitaka kumjua Gunnvor Lislien wa kwetu, asianze na uso wake. Aanze na mianzi yake. Kila Oktoba, viazi vikishatoka ardhini na kabla ardhi haijawa ngumu kama chuma, Gunnvor hujifunga kitambaa kichwani, hupakia mianzi mia mbili na kumi kwenye toroli, huchukua mtaimbo alioachiwa na baba mkwe wake, na kuanza kuisimamisha kando ya njia, mmoja baada ya mwingine, kutoka barabara kuu ya bondeni mpaka shamba la mwisho juu mlimani. Ni kilomita nne na ushei. Kila mwanzi ni mrefu kuliko mtu, una utepe wa kung'aa karibu na ncha, na husimama pale ukingo wa njia unapoishia, si ndani, si nje. Theluji ikishaanguka na dunia yote kuwa nyeupe, dereva wa trekta la theluji haoni njia tena. Anaona mianzi. Analaza bamba lake la chuma sambamba nayo, anasukuma, anakwenda.

Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na mmoja. Malipo yake ni paja la kondoo lililokaushwa kila Krismasi, na kwenye mkutano wa sisi tunaomiliki njia hii pamoja, mwezi wa Machi, watu humpigia makofi, naye hukasirika. Osmund, mzee aliyesukuma theluji yetu miaka yote hiyo, alizoea kusema mbele za watu kwamba akifika kwenye mianzi ya Gunnvor yeye hunywa kahawa kwa mikono miwili na kuliacha trekta lijiendee. Gunnvor alimwambia aache upuuzi wake. Halafu wiki nzima utamwona anatembea kifua mbele, na ukimuuliza kulikoni, atakwambia mgongo unamsumbua.

Sasa, mwaka ninaousema, Agosti ilituletea mvua ya siku nne mfululizo. Mto unaopita chini ya Kona ya Kinu ulifura, ukaula udongo ulio chini ya njia, ukaacha majani na mizizi vikining'inia juu ya korongo kama upenu wa nyumba. Ukisimama njiani huoni kitu. Ukishuka mtoni na kutazama juu, unaona mwanga wa mchana katikati ya mizizi, na kutoka pale juu mpaka kwenye mawe ya mto ni zaidi ya kimo cha watu wanne. Tulikutana pale wenye njia wote, tukatikisa vichwa, tukakubaliana kwamba ukuta wa mawe utajengwa majira ya machipuko. Gunnvor mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti yake ile ya kufunga mjadala, kwamba mwaka huu mianzi ya kona hiyo itaingia ndani hatua mbili nzima, upande wa mwamba, trekta lisikaribie ukingo. Tukasema sawa. Nani angebishana na Gunnvor habari za mianzi?

Oktoba ilipofika, nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeanza ukorofi. Miaka yote alianzia bondeni akapanda. Safari hii akaona heri aanzie juu ateremke, apate kuusaidia mguu. Ilimchukua siku tatu badala ya mbili. Jioni ya siku ya tatu manyunyu yakaanza, giza nalo likawa linaingia, na Gunnvor akamaliza njia akiwa hoi, akarudi nyumbani, akalala na nguo za kazi.

Theluji ikachelewa. Novemba ikapita njia ikiwa tupu. Desemba ikatunyunyizia kidogo tu, kiasi cha kufagia kwa ufagio. Kila siku tulipita Kona ya Kinu na magari yetu, tumejibana kwenye mwamba kama tulivyozoea tangu mafuriko, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro yoyote. Mianzi ilikuwa imesimama, imenyooka, safi. Magoti ya Osmund yalimshinda mwaka huo, akastaafu, na kazi ya trekta akamwachia mpwa wake Tarjei, mtu wa miaka arobaini kasoro, wa ng'ambo ya bonde, ambaye njia yetu hakuwahi kuipita hata mara moja akiwa na bamba mbele.

Halafu katikati ya Januari mbingu zikafunguka. Theluji ikaanguka siku tatu usiku na mchana, na upepo ukaja kuipanga upya kila mahali, ikafika madirishani. Siku ya pili nguzo ya umeme ikaanguka huko msituni. Usiku wa siku ya tatu mawingu yakapasuka na baridi ikashuka mpaka digrii ishirini na sita chini ya sifuri, baridi ile ambayo ukivuta pumzi nywele za puani zinakakamaa. Pampu ya maji ikaganda. Trekta dogo la akina Gunnvor likagoma kuwaka, dizeli yake imekuwa kama uji. Gunnvor na mumewe Anfinn wakahamia jikoni, kwenye jiko la kuni, wakalala humo humo, wakayeyusha theluji kwenye masufuria kwa ajili ya kondoo wao kumi na mmoja. Mnara wa simu nao, betri zake zikaisha, simu zikawa vipande vya kioo tu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku ya nne, saa nne asubuhi. Upepo ulikuwa bado unapuliza theluji iliyokwisha kuanguka, lakini ulianza kutoa nafasi, na katika nafasi moja Anfinn, aliyekuwa dirishani na kikombe chake, aliona taa mbili za manjano kule chini bondeni.

“Anakuja,” alisema. “Zile taa, unaziona? Yuko kwenye barabara kuu, anakunja kuingia kwetu.”

“Naziona.”

“Leo nitakula mkate wa dukani. Huu wako nimeutafuna mpaka taya zimeota misuli.”

“Ungeoka wewe.”

“Mimi mgonjwa.”

“Mgonjwa wa jibini. Kipande kizima kimeisha toka juzi.”

Anfinn alicheka, akakohoa, akashika kifua. Alikuwa na mapafu mabovu, urithi wa miaka mingi ya vumbi la useremala, na baridi ya namna ile ilikuwa adui yake. Daktari alishamwambia kwamba ikipita digrii kumi na tano asitoke hata kwenda kwenye kuni. Kikohozi kilipopoa alirudi dirishani.

“Ni mara yake ya kwanza huyu Tarjei,” alisema. “Kona ya Kinu ataipita salama?”

“Kwa nini asipite? Mianzi nimeiingiza ndani. Nilisema nitaiingiza.”

“Najua. Nawaza tu kazi uliyoipata pale na nyonga yako. Kule upande wa mwamba ni mawe matupu chini. Uligonga mtaimbo mara ngapi kwa kila shimo?”

Gunnvor aliitazama mikono yake.

Hakugonga hata mara moja. Mikono yake ndiyo iliyomkumbusha. Mikono ilikumbuka manyunyu, giza likiingia, glovu zimelowa, na mwanzi ukizama ardhini wenyewe, taratibu, kama kisu kwenye ala yake. Na mwingine. Na mwingine, yote tisa. Alikumbuka mpaka alivyoshukuru kwamba kona ile imekwisha upesi. Mashimo yale ya zamani, ya miaka thelathini na mmoja, yalikuwa ukingoni, juu ya upenu ule wa mizizi, na mikono yake iliyochoka ilikuwa imeyatafuta gizani ikayapata, yeye mwenyewe akili yake iko kitandani.

“Gunnvor?” Anfinn aliita. “Wee, vipi?”

“Iko ukingoni,” alisema. “Mianzi ya Kona ya Kinu. Iko kwenye mashimo ya zamani.”

Anfinn alitazama taa kule chini, zilizokuwa zimeshaanza kupanda.

“Atapita pale baada ya nusu saa,” alisema mwishowe. “Labda dakika arobaini, theluji ni nyingi. Nitakwenda mimi.”

“Uende na mapafu ya nani?”

“Na wewe utakwenda na nyonga ya nani?”

“Nyonga inauma tu, haiui. Nipe zile soksi. Si hizo, zile nene.”

Alivaa upesi. Anfinn alipiga magoti akamfunga viatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, akamfunga na kitambaa cha sufu juu ya mdomo. Nje, Gunnvor alizitoa mbao zake za kutelezea kwenye theluji kutoka ukutani, akazibana miguuni, akashika fimbo mbili.

“Ukichelewa,” Anfinn alianza kusema mlangoni.

“Funga mlango, mzee. Unapoteza joto.”

Kutoka nyumbani kwao mpaka Kona ya Kinu ni kilomita moja na nusu, yote mteremko. Enzi zake Gunnvor aliwahi kuwa bingwa wa kuteleza kwa mbao katika bonde letu, na kikombe chake cha ushindi bado kiko kabatini kimejaa vifungo. Lakini mtu wa miaka sitini na saba, nyonga moja, kwenye theluji laini ya kufika pajani, hashuki kama bingwa. Alishuka kama gunia. Alianguka kabla ya lango, akaanguka tena penye daraja dogo, na kila alipoanguka ilimbidi ajiviringishe kwanza, azipange mbao, ndipo ajiinue kwa fimbo huku nyonga inamchoma mpaka machozi yanamtoka na kuganda kopeni. Upepo ulimpiga ubavuni. Alifuata mianzi yake mwenyewe, maana hata yeye, aliyeijua njia ile kuliko chumba chake, hakuwa na kitu kingine cha kufuata.

Alikuwa na hofu. Aibu ilikuwapo pia, sikatai, lakini aibu alikuwa anaibeba tu kama mzigo mwingine. Kilichomwendesha ni picha moja iliyokuwa inajirudia kichwani: bamba limelazwa sambamba na mianzi, gurudumu la kulia linafuata nyuma ya bamba, uzito wa tani saba juu ya mizizi mitupu. Alimjua mama yake Tarjei. Walikuwa wanaimba kwaya pamoja, sauti ya pili.

Alipofika Kona ya Kinu trekta lilikuwa halijafika, lakini alikuwa analisikia, mngurumo unaopanda, unanyamaza likirudi nyuma kujitupa tena, unapanda. Mwanzi wa kwanza wa kona ulikuwa mbele yake, na wa pili, na yote tisa, imepinda vizuri pamoja na njia ya zamani, nafasi sawasawa, tepe zote zinatazama upande mmoja. Hakuwahi kuona mianzi iliyopangwa vizuri kama ile, na aliichukia.

Aliushika wa kwanza akauvuta. Haukusogea. Ardhi ilikuwa imeushika chini na theluji imeushika katikati. Akauvuta kwa uzito wake wote, wapi. Basi akauegemea kwa bega, akausukuma mpaka ukapinda, ukapinda, ukapasuka kwa mlio mkali. Akautupa mtoni. Akalala kifudifudi kuufikia wa pili, maana alikuwa anakumbuka vizuri kilichopo chini yake, akajinyoosha na kuuvunja kwa mikono. Wa tatu. Wa nne ulimpasua glovu na kiganja. Alipomaliza wa tano, mwanga wa manjano ukagusa matawi ya misonobari kwenye mpindo wa chini, na Gunnvor akajua kwamba minne iliyobaki hatoiwahi, nayo ni ile ile ya upande anaokuja Tarjei.

Akatambaa mpaka kwenye mwamba. Akavua mbao zake, mikono haina hisia, akaulaza ubao mmoja juu ya theluji kuanzia mwambani, na wa pili mbele ya wa kwanza. Urefu wa mbao mbili. Hapo ndipo ardhi ngumu ilipokuwa inaishia, na zaidi ya hapo ni upenu. Akazikwapua mbao na mwanzi mmoja aliouvunja, akatelemka akiupapasa mwamba, akajitupa mbele mpaka akaupita mwanzi wa mwisho wa kona, akapima tena, akasimama pale pale ncha ya ubao wa pili ilipofikia, kiunoni ndani ya theluji, akainua ule mwanzi kwa mikono miwili juu ya kichwa. Yeye mwenyewe sasa alikuwa mwanzi wa kumi.

Trekta likatokeza. Kwanza wingu la theluji, halafu bamba, halafu zile taa. Lilikuwa linakuja kwa kasi nzuri, bamba limelala sambamba na mianzi, bila wasiwasi, kama mtu anayetembea kwenye ukumbi wa nyumba yake. Gunnvor alipiga kelele, akajua hasikiki, akanyamaza, akatikisa ule mwanzi. Utepe ukanasa mwanga. Honi ikalia mara moja, ndefu. Bamba likainuka, magurudumu yakaserereka, na trekta likasimama hatua sita kutoka kifuani kwake, halijaufikia hata mwanzi mmoja wa kona.

Mlango ukafunguka juu.

“Mama,” Tarjei alisema, “umechoka kuishi, au?”

“Usishuke upande huo,” Gunnvor alisema. “Shukia upande wa mwamba. Halafu zima hiyo mashine, usiisogeze.”

Kwa jinsi alivyosema, Tarjei alizima. Alishuka upande wa mwamba, mtu mpana mwenye ndevu zilizoganda, akaja akimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa aliyetoroka wodini. Alimtambua alipomfikia.

“Gunnvor? Gunnvor wa mianzi?”

“Huyo huyo. Nimeiweka vibaya.”

“Nini?”

“Mianzi ya hapa. Mafuriko yalikula chini. Nilitakiwa niiingize ndani, mimi mwenyewe ndiye niliyesema iingizwe, na sikuiingiza. Niliirudisha kwenye mashimo ya zamani. Nimekumbuka leo asubuhi nikinywa kahawa.” Alitulia apate pumzi. “Hakuna kitu chini ya hiyo mianzi, Tarjei. Ni majani yamening'inia.”

Tarjei alitazama mianzi minne iliyobaki. Aliitazama kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumbishia mzee. Kisha akachukua ule mwanzi uliovunjika mkononi mwa Gunnvor, akasogea hatua mbili, akanyoosha mkono na kuchoma theluji kwenye mstari wa mianzi. Mwanzi ukaingia. Ukaendelea kuingia. Akauzungusha kidogo. Kipande cha theluji chenye ukubwa wa kitanda kikaondoka mbele yake bila kelele, mwanzi mmoja uliosimama ukaondoka pamoja nacho, na wote wawili wakasikia, kupitia tundu jeusi, sauti ya mto ambao haukuwa umeganda.

Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mwamba. Akaketi kwenye theluji. Gunnvor naye akaketi kando yake. Walikaa pale kama watu wawili wanaongojea basi ambalo hawana haraka nalo.

“Mjomba Osmund,” Tarjei alisema, “aliniambia, njia nyingine zote fungua macho, lakini ukiingia kwa Gunnvor pumzika.”

“Osmund mjinga.”

“Ndiyo, ila alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimepumzika.” Alipangusa uso kwa glovu. “Nilikuwa naimba, mama.”

“Ulikuwa nini?”

“Naimba. Toka barabara kuu. Nimeamka saa kumi, nimesukuma njia saba mbaya mno, nikafika kwako nikaona mianzi imepangwa vizuri, nikasema, ah, hapa raha. Nikaanza kuimba.”

Hapo ndipo Gunnvor alipolia. Alikuwa amevumilia kuanguka, nyonga na kiganja kilichochanika, lakini hilo la kuimba lilimshinda. Alilia kwa sauti, kitambaa cha sufu mdomoni, na Tarjei, ambaye hakumzoea hata kidogo, alimwekea mkono mzito begani akauacha pale.

“Nisamehe,” alisema Gunnvor.

“Niko hapa,” Tarjei alisema. “Tazama. Makalio yangu yameganda, kwa hiyo niko hapa.”

Akacheka, na Gunnvor akajikuta naye anacheka huku makamasi yanamtoka. Furaha ilimjia yote kwa pamoja, ikawa nyingi mpaka ikamtisha. Alimtazama yule mtu mpana mwenye ndevu za barafu, mzima, anavuta pumzi na kuitoa, moshi juu ya moshi, na hakutaka kutazama kitu kingine.

Halafu wakafanya kazi, maana njia ilikuwa bado imefunga. Walipima kutoka mwambani, mbao mbili kila mara, na mianzi iliyovunjika wakaichomeka kwenye theluji iliyoshindiliwa na bamba, kwa sababu ardhi hata dinamiti isingeitoboa siku ile. Tarjei akayang'oa masalia ya ukingoni kwa kamba, amelala kifudifudi. Alipowasha trekta alimwambia Gunnvor apande.

“Nipite wapi?” aliuliza, bamba likiwa juu.

“Mwamba ukwaruze,” alisema Gunnvor. “Kioo kikivunjika ntakulipa.”

Kioo cha kushoto kikavunjika kweli. Hakuna aliyekitaja. Trekta likapita Kona ya Kinu polepole, Gunnvor ameshika dashibodi kwa mikono miwili, kisha kona ikawa nyuma yao na njia mbele ni ile pana, yenye ardhi tangu enzi na enzi. Kwenye kibanda cha dereva kulikuwa na joto na harufu ya mikate kumi na miwili ya dukani aliyowachukulia watu wa juu, iliyokuwa kwenye mifuko miguuni pake. Alichukua mfuko mmoja akaupakata.

“Mwezi wa Machi nitawaambia kwenye mkutano,” alisema. “Wote. Na mtaimbo nitauweka mezani, achukue mwingine.”

“Waambie,” Tarjei alisema. “Na mtaimbo uchukue urudi nao nyumbani. Mimi naomba mianzi ya mtu ambaye ameshuka mlima na nyonga moja kuja kuniambia amekosea.”

“Nyonga umejuaje?”

“Umepanda trekta kama ng'ombe.”

Gunnvor alitazama mianzi inayokuja kwenye mwanga, mmoja baada ya mwingine, ile mizuri, iliyo mahali pake, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja hakuihesabu.

“Ulikuwa unaimba nini?” aliuliza.

“Si kitu. Wimbo wa harusi wa ng'ambo kwetu. Una beti kumi na nne, hauna maana.”

“Uimbe.”

“Hapana, mama. Sina sauti. Mke wangu huniambia nikaimbie zizini.”

“Mimi nimekwambia uimbe.”

Tarjei alimtazama, akaona hatanii, akakohoa, akaanza. Alikuwa amesema kweli. Kwa miaka ishirini ya kwaya Gunnvor hakuwahi kusikia mtu akiimba vibaya namna ile. Sauti ilipanda ilipotakiwa kushuka, ikashuka ilipochoka. Bibi harusi alivuka mto, akapoteza kiatu, akarudi kukitafuta. Trekta lilisukuma theluji kulia, mlima ulianza kuwa wa waridi kwa jua ambalo hatukuwa tumeliona siku nne, na Gunnvor alisikiliza kila neno, mkate kifuani, akiogopa tu kwamba wataufikia ubeti wa kumi na nne kabla ya kufika.

Anfinn alikuwa langoni. Alikuwa amejifunga mablanketi na makoti mpaka amekuwa pipa, skafu mpaka machoni, koleo mkononi, amechimba kipande cha njia kisichozidi urefu wake mwenyewe, na alikuwa anahema vibaya. Alipoona watu wawili kwenye kioo cha mbele aliliegemea koleo kwa mikono yote miwili na kuinamisha kichwa. Gunnvor akafungua mlango, akashuka.

“Nilikwambia ufunge mlango ukae ndani,” alisema.

“Nimeufunga. Nimebaki upande wa nje kwa bahati mbaya.” Anfinn alivuta pumzi. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kisha akamtazama Tarjei, ambaye alikuwa ubeti wa kumi na moja, jasho linamtoka, hajui kama aache au aendelee. “Huyu ana nini? Ameumia?”

“Anaimba.”

“Hiyo ndiyo kuimba?”

“Nyamaza, mzee,” Gunnvor alisema. “Mwache amalize.”

Wakasimama pale kwenye baridi, wote wawili, wakamsikiliza mpaka mwisho.